Elimu ya Kilimo cha Maua Itangulie Banda

Mazungumzo kwa wakaazi wa Amani



Maua si jambo geni Unguja. Asumini hutungwa koja, na kikuba hufungwa kwa rehani, mkadi na waridi. Lililo geni ni kulifanya ua kuwa biashara ya kumlisha mtu mwaka mzima, na biashara hiyo ina elimu yake.

Vijana wengi huona picha za mashamba ya waridi ya Naivasha, nchini Kenya, wakadhani siri ya mafanikio ni lile banda la nailoni liitwalo kitalu nyumba. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi, na baridi hiyo ndiyo inayolipa waridi shina refu na kichwa kikubwa. Unguja hakuna mwinuko unaofika hata mita 150. Banda la aina hiyo likijengwa hapa bila ya matundu ya kutosha ya hewa, hugeuka tanuri wakati wa kaskazi. Hata tungule hupukutisha maua joto la mchana likipindukia nyuzi 32 hivi, kwani chavua hupoteza nguvu. Mwenye banda huvuna majani, na mkopo ukabaki palepale.

Kwa sababu hiyo, anayeitaka kazi hii hana budi kuanza kwa kusoma. Kizimbani, katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ndiko iliko Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Wazazi na vijana waulize huko masomo yanayotolewa na masharti ya kujiunga.

Mwanafunzi wa kilimo hiki huanza kwa kuipima hewa: joto, unyevu na upepo. Ndipo huamua kama panafaa nailoni ya kuzuia mvua za masika, au wavu wa kivuli peke yake. Hujifunza umwagiliaji wa matone, ili kila mche upate maji yake bila ya kulowesha majani na kuita ukungu. Hujifunza pia kwamba mnyauko wa bakteria hukaa ardhini, na kwamba kupanda tungule juu ya tungule katika banda lilelile ni kuulisha ugonjwa. Dawa ya kunyunyiza haiuponyi. Kinachosaidia ni kubadilisha mazao, kutumia mbegu stahamilivu na kung'oa mapema mche ulioambukizwa.

Baada ya kuvuna iko elimu nyengine. Waridi lililokatwa hudumu likihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 4. Okidi na anthuriamu, maua ya nchi za joto, huungua kwa baridi hiyo. Asiyejua huyatia yote katika friji moja, na asubuhi huyakuta yamesawijika, ilhali hoteli inayasubiri. Asumini nayo huchumwa ingali tumba, kisha hufunguka usiku. Mzigo ukichelewa, harusi hupita na bei hupita nayo.

Amani ni mji, na wengi hawana shamba. Hilo halimzuii mtu kuanza na vyungu vichache uani, chini ya wavu, huku akiandika kila siku maji aliyotia, maua aliyochuma na fedha aliyopata. Kabla ya kukopa, na ajiulize mambo matatu: nani atanunua na siku gani, maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na nani atalihudumia banda siku atakayougua.

Nailoni huchakaa kwa jua, ikabidi kununuliwa nyengine baada ya miaka michache. Alichojifunza mkulima hubaki naye, na kila msimu humwongezea.