Kwenda Mérida, Nyumbani kwa Mkonge

(Maneno yaliyosemwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka:

Katibu aliponiomba nizungumze alisema nichague jambo lolote isipokuwa siasa na mpira. Nikamjibu kwamba nitazungumza juu ya safari ambayo bado sijaenda. Akadhani natania.

Mungu akinijalia uzima, nakusudia kwenda Mérida mwezi wa Januari. Najua wengi mtauliza Mérida ndiyo wapi. Msione haya, maana hata wakala mmoja wa safari hapa mjini hakujua. Nilimweleza kwamba nataka kwenda Yucatán, huko Meksiko. Baada ya wiki akaniletea picha za mahoteli ya Cancún, mchanga mweupe na watu nusu uchi. Nikamwambia, bwana, mimi nimezaliwa karibu na bahari, sina haja ya kupanda ndege siku mbili kwenda kuitazama nyingine. Ninachokwenda kutazama ni mkonge.

Wenzangu wa rika langu mnajua nilikotoka. Baba alikuja Tanga kutoka Songea akiwa manamba, akapewa kipande, akapangwa kambini, akakata mkonge miaka ishirini na mitatu. Majani thelathini tita moja, na siku haikuhesabiwa mpaka kazi iliyopangwa iishe. Mwaka 1961 alikuwa ameinama kufunga tita, mwiba wa ncha ukamchoma jicho la kushoto. Jicho likafa. Aliendelea kukata kwa jicho lililobaki, na kwa ujira huo mimi nikaketi katika bwalo hili kula maharage yenye mawe.

Likizo moja alinikuta nasoma kitabu cha jiografia. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie, jani hili lilitoka kwa nani?" Nikamjibu upesi, kama mwanafunzi mzuri, kwamba Wadachi ndio waliolileta. Akasema, "Hilo najua. Na wao walilitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikasema nitamwuliza mwalimu. Sikumwuliza, na baba akafariki mwaka 1984. Jibu nimelipata baada ya kustaafu, nilipokuwa na muda wa kusoma yale niliyopaswa kuyasoma nikiwa hapa.

Jibu ni hili. Mkonge ulitujia kutoka Yucatán. Wamaya waliutumia kwa kamba karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Jina ambalo dunia nzima inauita, "sisal", ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ambako marobota ya katani yalipakiwa melini. Katika miaka ya 1830 Mmarekani mmoja, Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa nchi yake huko Campeche, alipeleka miche Florida. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1840 katika vita vya Waseminole, lakini mimea yake ikabaki ikiota porini. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kule Pangani. Wako wanaosimulia kwamba miche hiyo ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, na nilikuwa nikiipenda, lakini siiamini tena.

Kwa hiyo, vijana, mashamba yote mliyoyaona kutoka dirishani mwa basi, Korogwe, Ngomeni, Muheza, ni uzao wa miche 62. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani, ikawa ya kwanza duniani. Kisha kamba za plastiki zikatuangusha, sisi na Yucatán pamoja.

Sasa Mérida yenyewe. Mji ulianzishwa na Wahispania tarehe 6 Januari 1542 juu ya mji wa Wamaya ulioitwa T'hó. Mahekalu ya wenyeji yalibomolewa, na mawe yake yakajengea nyumba za wageni na kanisa kuu, lililomalizika mwaka 1598. Mitaa ina namba badala ya majina: za shufwa zinakwenda kaskazini na kusini, za witiri mashariki na magharibi. Uwanja mkuu umezungukwa na mitaa ya 60, 61, 62 na 63. Hata mtu wa umri wangu hawezi kupotea, ila akitaka.

Kaskazini ya hapo kuna barabara pana iitwayo Paseo de Montejo, yenye majumba ya fahari mithili ya Ufaransa. Majumba hayo yalijengwa kwa katani. Mashine za kuvunia ngano huko Marekani zilihitaji kamba ya kufungia miganda, na matajiri wachache wa Mérida ndio waliokuwa nayo. Waliokata majani walikuwa Wamaya waliofungwa kwa madeni, na deni la baba likimwangukia mtoto, pamoja na Wayaqui waliokamatwa kaskazini ya mbali na kuletwa kwa nguvu. Mwandishi wa Kimarekani, John Kenneth Turner, alikwenda huko mwaka 1908 akijifanya tajiri anayetafuta mashamba, akaandika aliyoyaona. Madeni hayo hayakukoma kweli mpaka Jenerali Salvador Alvarado alipoingia na jeshi la mapinduzi mwaka 1915.

Sitaki kukuza mambo. Baba alikuwa na mkataba. Ulipokwisha angeweza kurudi Songea, na wengi walirudi. Mmaya hakuwa na pa kurudi, kwa kuwa shamba lilikuwa juu ya ardhi ya babu yake. Tena mkonge wao mkubwa, uitwao henequén, si sawa na wetu. Wetu una mwiba wa ncha peke yake. Wao una miba pande zote mbili za jani, na mkataji hupaswa kuifyeka yote kabla ya kufunga tita. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Nimekwisha kusema mengi, na Mwenyekiti anatazama saa. Basi, mipango.

Januari nimeichagua kwa sababu ya hewa. Aprili na Mei joto hufika digrii 40, na kuanzia Juni mpaka Novemba ni majira ya tufani. Tufani ya Isidore ya mwaka 2002 iliuumiza sana mji huo. Nilivutwa pia na mwisho wa Oktoba, wakati wanapofanya Hanal Pixán, chakula cha roho, wakiwaandalia marehemu wao meza. Lakini mvua huwa haijakwisha, na magoti yangu hayapatani na unyevu.

Viza: ubalozi wa Meksiko ulio karibu nasi uko Nairobi. Mwenye viza hai ya Marekani, Uingereza, Kanada, Japani au Schengen haombi nyingine, hata hivyo aulize kabla ya kukata tiketi. Msikubali tiketi inayopitia Marekani kama hamna viza ya huko, hata kwa kubadili ndege tu. Njia nyepesi ni Istanbul au Ulaya, kisha Jiji la Mexico, halafu ndege ya kiasi cha saa mbili mpaka Mérida. Saa zao ziko nyuma yetu kwa tisa.

Nimepanga siku tisa. Siku moja ni ya Sotuta de Peón, shamba la zamani kusini ya mji, ambako wageni hupandishwa toroli juu ya reli ndogo na kuonyeshwa korona ikisaga majani. Nimeambiwa wageni wengi hushangaa. Mimi natumaini kunusa tu. Siku nyingine ni ya bandari ya Sisal, kiasi cha kilometa 50, ambayo siku hizi ni kijiji cha wavuvi, kwani tangu 1871 shehena zilihamia Progreso. Huko Progreso gati limeingia baharini zaidi ya kilometa sita kwa jinsi maji yalivyo machache. Magofu ya Uxmal nitayaona, kilometa 80. Chichén Itzá nitaiacha, maana watu ni wengi mno na jua ni kali.

Chakula kisiwatie hofu. Kitoweo chao maarufu ni nguruwe, lakini wana bata mzinga, supu ya ndimu, na kibe za nyama ambazo Walebanoni waliohamia huko walileta na sasa zinauzwa barabarani. Jirani zao wa Campeche hula papa kwa chapati za mahindi, jambo ambalo mtu wa Tanga hafundishwi. Pilipili yao msiijaribu kwa ushujaa.

Nimeanza kujifunza maneno ya Kimaya, maana lugha hiyo iko hai. Wao wakikujulia hali husema "Bix a beel?", yaani "Njia yako ikoje?", nawe hujibu "Ma'alob", njema. Nataka nimpate mzee mmoja aliyekata henequén, nimsalimu hivyo, kisha nimwonyeshe kipande cha baba, ambacho mama alikihifadhi ndani ya kopo la kahawa. Sijui tutaelewana vipi zaidi ya hapo. Mikono yake nitaitambua.

Mama watoto ameniuliza kama nimekwisha kuziba paa la jikoni. Swali ni la haki. Paa litazibwa mwezi huu, na kiinua mgongo kilichobaki ndiyo nauli. Wanangu wanasema mtu wa miaka sabini na mitano angekwenda Umra kwanza. Nimewaambia nilikwisha kwenda, na huko pia niliombea jicho lile.

Wenzetu wawili wa darasa la 1968 wamesema watafuatana nami. Chumba cha watu wanne ni nafuu kuliko cha watatu, hivyo natafuta mmoja zaidi, asiyekoroma. Nitakuwa pale karibu na birika la chai.