Kikundi ni Mashua: Habari Imfikie Mshika Usukani
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Karungu)



Hapa Karungu mashua tunaijua sote. Mshika usukani hafungi usukani kwa kamba halafu akalala. Upepo ukimsukuma kushoto, anaona, anarudisha kulia kidogo. Akizidisha, anarekebisha tena. Anafika kwa sababu huona mapema kila anapopotoka.

Mwaka 1948 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Norbert Wiener, aliita elimu hii saibanetiki, kutokana na neno la Kigiriki la mshika usukani. Baadaye Mwingereza Stafford Beer aliitumia katika uongozi wa mashirika. Jina ni gumu, lakini kazi yenyewe ni rahisi: tenda, tazama matokeo, rekebisha.

Sasa nikiri kosa langu. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilikuwa kikikopeshana pesa, na daftari lilisomwa mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa tatu wawili walishindwa kulipa. Mweka hazina aliona, akaogopa kusema. Mimi nilifika, nikanywa chai, nikauliza, "Mambo yanaendaje?" Wakajibu, "Mazuri." Daftari sikuliomba! Desemba sanduku lilikuwa tupu, na karo ya Januari ikakosekana. Hakuna aliyeiba. Habari ilikwama njiani tu.

Hata kwa wavuvi ni hivyo. Kanuni za mwaka 2007 zilizipa kamati za fuo, zile BMU, nafasi ya kisheria katika kusimamia uvuvi, na kuandika samaki wanaovuliwa ni sehemu ya kazi hiyo. Lakini hesabu ikipelekwa ofisini na wavuvi wasisomewe, itaurekebishaje mkono unaotupa wavu?

Basi tufanye hivi:

1. Daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano: zilizoingia, zilizotoka, zinazodaiwa.

2. Tukubaliane mapema dalili ya hatari. Kwa mfano, wawili wakichelewa kulipa, mikopo mipya isimame kwanza, tuzungumze nao.

3. Tusizidishe. Kumfukuza mwenzetu kwa kuchelewa wiki moja ni kupindua mashua.

4. Mkutano unaofuata tuulize: je, tulivyorekebisha imesaidia?

5. Anayeleta habari mbaya asikaripiwe. Ashukuriwe.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, ulizaneni swali moja: nani alituletea habari mbaya mara ya mwisho, na tulimtendea vipi?