Shaka ya Richard Burton na mipaka yake

Mtumbwi uliomchukua mpelelezi Mwingereza Richard Burton kutoka Ujiji kuelekea Uvira mwezi Aprili 1858 ulifuata pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, ambako leo kipo kijiji cha Mwamgongo, na ndani yake alikuwamo msomi aliyeingia Makka mwaka 1853 akijifanya Mwislamu, na ambaye hakuikubali dini yoyote, hata ya kwao, bila kuihoji.

Dhana za zama zake kuhusu Mwafrika, hata hivyo, hakuzihoji kwa ukali huo, kwani kitabu chake cha mwaka 1860 kimejaa dharau kwa watu wale wale waliompigia makasia na kumbeba miguu ilipomshinda. Mwaka 1863 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Anthropolojia ya London, iliyoongozwa na James Hunt, mtetezi wa nadharia ya asili nyingi, yaani dai kwamba binadamu hawana chimbuko moja. Na ajabu, kama si kejeli ya historia, ni kwamba wengi waliolipinga dai hilo walikuwa wacha Mungu walioutetea undugu wa binadamu kwa simulizi la Adamu, ambalo wanajumuiya wa Hunt waliliona limepitwa na wakati.

Miongoni mwa Waafrika waliokuwamo katika msafara wa Burton alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye baadaye alivuka Afrika pamoja na mpelelezi Mwingereza Cameron hadi pwani ya Atlantiki.