Josho ni Mali ya Nani?

Ndugu wafugaji,

Tumekuja kusema nanyi habari ya kupe. Ndama wenu wanakufa kwa ndigana kali, na huku josho lipo karibu na zizi, limejaa matope na majani makavu.

Ugonjwa huu mnaujua: tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama huhema kwa shida, mwisho povu humtoka puani. Anayeuleta ni kupe wa kahawia apendaye kukaa sikioni. Lakini kupe huyo akimshika ng'ombe leo haambukizi leo. Vijidudu alivyo navyo huchukua siku tatu nne hivi kukomaa ndani yake. Dawa ya josho iliyobaki manyoyani humwua kabla ya hapo, ila nguvu yake haidumu. Ndiyo maana bwana mifugo husema ogesheni kila juma. Anayeogesha mara moja kwa mwezi amelowesha ng'ombe tu.

Basi josho ni mali ya nani? Zamani za ukoloni lilikuwa mali ya serikali, na serikali haikuwa yetu. Mwaka 1938 jirani zetu Wakamba wa Machakos walichukuliwa ng'ombe zao kwa nguvu, eti mifugo ipunguzwe, wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kudai haki. Watu waliotendewa hivyo wangempendaje bwana mifugo? Tanganyika ikajitawala mwaka 1961, majosho yakajengwa, dawa ikatolewa na serikali. Lilikuwa jambo jema, lakini nasi tukazoea kungojea. Katika miaka ya 1980 na 1990 fedha zilipopungua na serikali ikajitoa, majosho mengi yalikauka, kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe.

Kwa serikali twasema wazi: dawa ya ruzuku ifike kabla ya mvua, wala si baada ya mvua, maana ndipo kupe wanapojaa. Na aje mtaalamu kupima nguvu ya maji ya josho, kwani dawa hafifu haimalizi kupe, wanaobaki huizoea.

Kwenu twasema: chagueni kamati, toeni ada kwa kila ng'ombe, na daftari la fedha lisomwe mbele ya mkutano. (Mwenyekiti aliyekwisha kula ada asichaguliwe tena, hata kama ni shemeji yetu.) Msituambie wafugaji hawalipi. Wamasai wa kaskazini wamekuwa wakilipia chanjo ya ndigana kutoka mifukoni mwao, kwa kuwa wameona ndama wakipona.

Sotoka iliyofilisi babu zetu katika miaka ya 1890 ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani. Serikali zilileta chanjo. Wafugaji wakaleta ng'ombe, wakatoa habari kila walipoona dalili.

Tunaomba kila kijiji chenye josho bovu kilete jina la kamati yake kabla ya masika, nasi tutalipeleka wilayani na kuuliza dawa iko wapi.