Taa Ndogo, Dhamana Kubwa: Kubadilisha Globu za Indiketa za Mbele

(Mazungumzo yaliyotolewa Mbegani, Bagamoyo, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya msingi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utunzaji wa magari ya vyama. Jambo hilo ni pana, na muda niliopewa ni mfupi. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu, nacho ni globu ya indiketa ya mbele. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba ni jambo dogo mno kwa mkutano wa heshima kama huu. Nawaomba mnivumilie, kwani ninayo sababu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa chama chenye pikapu moja ya kupelekea samaki Dar es Salaam. Jioni moja tulikuwa tukirejea kutoka sokoni, mimi nimekaa kando ya dereva. Tulipita Bunju, Mapinga na Kerege salama. Tulipofika mahali pa kuiacha barabara kuu na kukata kulia kuelekea baharini, dereva alipunguza mwendo akawasha indiketa. Taa ya nyuma iliwaka, bali ya mbele haikuwaka, maana globu yake ilikuwa imeungua. Kijana mmoja mwenye pikipiki alikuwa akija kutoka upande wa Bagamoyo. Aliona gari likipunguza mwendo pasipo ishara yoyote, akadhani tunasimama, naye akaendelea na safari yake. Dereva wetu aliukadiria vibaya mwendo wa pikipiki, akakata. Kijana alivunjika mguu. Alikuwa mtoto wa mwanachama wetu.

Ndugu zangu, kosa la dereva lilikuwapo, nalo lilishughulikiwa mahali pake. Lakini kosa langu halikuandikwa popote. Kwa muda wa wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa nikiisikia indiketa ya kulia ikilia upesi kupita kawaida, nami nikisema, "Fundi akija ataangalia." Sikujua kwamba mlio ule ndio uliokuwa taarifa yenyewe. Na globu iliyotakiwa ingenunuliwa kwa fedha pungufu ya bei ya kilo moja ya changu.

Basi la kwanza ni kuutambua ubovu. Indiketa nzima humetameta kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Katika magari mengi, globu moja ikiungua, taa iliyobaki ya upande ule humetameta upesi sana, na mlio ndani ya gari huenda mbio vilevile. Washeni indiketa ya kushoto, mlizunguke gari. Kisha washeni ya kulia, mlizunguke tena. Ikiwa pande zote mbili haziwaki kabisa, ubovu hauko kwenye globu. Tazameni fyuzi, au kile kidude cha kuwasha na kuzima taa ambacho mafundi hukiita flasha.

La pili ni kubadilisha. Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu. Simamisheni gari mahali tambarare, vuteni breki ya mkono, zimeni injini na kutoa ufunguo. Subirini taa zipoe. Katika magari mengi mtafungua boneti na kuingiza mkono nyuma ya taa. Katika baadhi ya magari ya zamani kioo cha taa hufunguliwa kwa nje, kwa bisibisi. Shikeni holda ya globu, izungusheni kidogo kuelekea kushoto, kisha itoeni. Msivute nyaya, kwani waya uliokatika ni kazi nyingine.

Globu yenye kitako cha chuma husukumwa ndani kidogo, huzungushwa kushoto, kisha hutoka yenyewe. Globu isiyo na kitako cha chuma, kama zilivyo nyingi katika magari ya Kijapani, huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Itazameni kwenye mwanga: ikiwa uzi mwembamba wa ndani umekatika, au kioo kimekuwa cheusi, imekwisha.

Nunueni globu iliyo sawa na ile ya zamani kwa kila hali. Someni maandishi ya kitakoni. Magari madogo hutumia volti 12, na malori mengi volti 24. Mkichanganya, moja itafifia na nyingine itaungua papo hapo. Nguvu yake kwa kawaida ni wati 21. Ikiwa kioo cha taa ni cheupe, globu yenyewe lazima iwe ya rangi ya machungwa; ikiwa kioo ni cha rangi ya machungwa, globu huwa nyeupe. Katika globu za kitako cha chuma, vijino vya ile ya rangi ya machungwa havikupangwa kuelekeana sawasawa kama vya ile nyeupe, na vimefanywa hivyo makusudi ili zisichanganywe. Ikikataa kuingia, msilazimishe. Hali kadhalika, jihadharini na globu za LED: kwa kuwa hula umeme kidogo, katika magari mengi mlio utaenda mbio ingawa taa zote ni nzima, nanyi mtakuwa mmeipoteza ile taarifa niliyoieleza.

Shikeni globu mpya kwa kitambaa kikavu, ipachikeni, na ijaribuni kabla ya kufunga.

La tatu ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa bara. Hapa Mbegani upepo wenyewe una chumvi. Mara nyingi globu ni nzima, ila ndani ya holda mmeota ukungu wa kijani au unga mweupe, na umeme haupiti. Mkibadilisha globu pasipo kusafisha holda, mmetupa fedha. Isugueni taratibu kwa kipande cha msasa laini, mkaifute kwa kitambaa kikavu. Hakikisheni ule mpira wa kuzuia maji umekaa mahali pake. Mkiona kwamba indiketa ikiwashwa na taa ndogo ya jirani nayo inamulika hafifu, tazameni waya wa athi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Aghalabu umeliwa na kutu. Aidha, gari la chama lisioshwe kwa maji ya bahari hata siku moja.

Baada ya hayo yote, ikiwa globu mpya haiwaki, mpelekeeni fundi umeme. Msiunge nyaya kwa kubahatisha, wala msiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, kwani mtaliunguza gari zima.

Ndugu Makatibu, sasa nasema nanyi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari liwe katika hali njema barabarani, lakini askari hawezi kuwapo katika kila njia ya kushukia pwani. Mwangalizi wa kwanza ni chama chenyewe. Wekeni ndani ya gari kisanduku chenye globu mbili za akiba za kila aina, bisibisi, msasa na kitambaa. Kila Jumatatu, kabla gari halijatoka, dereva awashe taa na mtu mwingine alizunguke. Kisha wote wawili watie sahihi katika daftari la gari. Kabla ya masika, holda zote zifunguliwe na kusafishwa. Na taa ikifa safarini mchana, dereva anayekata kulia anyooshe mkono nje ya dirisha, kama walivyofanya madereva wa zamani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule kijana sasa anatembea, ingawa anachechemea kidogo, na kila anapopita mbele ya ofisi ya chama hunisalimu kwa adabu. Mimi humwitikia. Nisingependa katibu yeyote miongoni mwenu aitikie salamu ya namna hiyo.