Fimbo Iliyokosa Msomaji





Padre mmoja rafiki yangu, aliyepata kufanya utume nchini Uswidi, alinisimulia habari ya familia iliyokuwa ikisafisha nyumba ya baba yao baada ya maziko. Darini, nyuma ya boriti, waliikuta fimbo ndefu ya kutembelea, nyeusi kwa moshi na kwa miaka mingi ya kushikwa. Toka kichwani hadi nchani ilikuwa imechongwa alama: mistari iliyosimama, mingine iliyoinama, na juu yake vipicha vya shoka, gurudumu, ufunguo, na kitu mfano wa wavu wa kuchomea nyama. Hakuna aliyeweza kuzisoma. Mmoja alisema ni mambo ya kipagani. Mwingine alinong'ona kwamba babu alikuwa na siri. Binti mkubwa alitaka fimbo itiwe motoni siku ile ile. Ndugu yake mdogo aliomba jambo moja tu: kwanza tuulize.

Wakaipeleka kwa mtaalamu wa mambo ya kale. Huyo hakuanza kwa kubuni maana. Alianza kwa kuhesabu. Akaona kwamba alama saba zilirudiwa kwa utaratibu ule ule, mwanzo wa fimbo hadi mwisho. Zilikuwa herufi zinazoitwa runi, ambazo watu wa kaskazini mwa Ulaya walizichonga juu ya miti na mawe kabla ya kuzoea herufi za Kilatini. Runi saba ni siku saba za juma. Pembeni mwake palikuwa na alama nyingine za namna 19: runi 16 za zamani na tatu zilizoongezwa. Hizo ni za mwezi, kwa sababu kila baada ya miaka 19 mwezi hurudia kuandama karibu katika tarehe zile zile. Kwa hesabu hiyo watu waliweza kujua Pasaka itaangukia wapi.

Na vile vipicha? Wavu wa kuchomea ni Mtakatifu Laurenti shahidi, tarehe 10 Agosti. Shoka ni Mtakatifu Olaf, mfalme wa Norwe, tarehe 29 Julai. Gurudumu ni Mtakatifu Katarina, tarehe 25 Novemba. Ufunguo ni Mtume Petro, tarehe 29 Juni. Ndugu zangu, fimbo iliyokaribia kuchomwa kwa kudhaniwa ya kishirikina ilikuwa kalenda ya Kanisa! Mkulima asiye na kitabu hata kimoja aliushika mwaka mzima wa sala mkononi mwake, akajua siku ya kupanda, siku ya kuvuna, na siku ya kupiga magoti.

Wala si fimbo hiyo peke yake. Huko Jelling, nchini Denmark, limo jiwe la karne ya 10 ambalo Mfalme Harald aliamuru lichongwe runi kutangaza kwamba aliwafanya watu wake kuwa Wakristo. Na mjini Bergen, nchini Norwe, baada ya moto wa mwaka 1955, wachimbaji walipata mamia ya vijiti na mifupa yenye runi: barua za wafanyabiashara, majina ya wenye mizigo, na miongoni mwake Salamu Maria.

Lakini sikilizeni pia upande wa pili. Mwaka 1625, huko Iceland, mtu aliyeitwa Jón Rögnvaldsson alichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na karatasi yenye runi iliyokutwa kwake ikawa ushahidi dhidi yake. Watu waliogopa alama, na aliyelipa deni la hofu yao ni binadamu.

Msiseme, wapendwa, kwamba hayo ni ya mbali. Nami ninayo ya kuungama. Nilipokuwa padre kijana, waumini waliniletea fimbo iliyookotwa njiani, yenye chale nyingi za kisu. Walisema ni ya mzee fulani, na kwamba kila chale ni mtu aliyemloga. Sikumwita mzee. Nilinyunyiza maji ya baraka, nikaacha fimbo ichomwe uani. Siku ya tatu mzee alikuja, akiegemea ukuta kwa kukosa mkongojo. Alikuwa ndiye mtunza fedha za maziko za majirani zake. Hakujua kuandika, kila nyumba ilikuwa na sehemu yake juu ya fimbo, na kila chale ilikuwa mchango uliolipwa. Tulikuwa tumechoma daftari la maskini. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote, naye akanisamehe. Lakini jina la mchawi halikumtoka, na mwaka uliofuata akahama. Mpaka leo nasikia mlio wa moto ule.

Sisemi kwamba hakuna wanaotumainia hirizi na uaguzi. Wapo, na imani yetu inakataza mambo hayo waziwazi. Nasema hofu si ushahidi, na kutojua kusoma alama ya jirani si ruhusa ya kumhukumu.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 17, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa aandike majina juu ya fimbo kumi na mbili, moja kwa kila kabila. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, yule towashi Mwethiopia anasoma garini maneno asiyoyaelewa. Je, Filipo alimcheka? Alimkimbia? Alisogea karibu, akamuuliza kama anaelewa, akapanda, akaketi pamoja naye. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa ubatizo.

Enyi makatekista, hiyo ndiyo kazi yenu. Mtakapoletewa kitu chenye alama zisizosomeka, fanyeni mambo matatu. Kwanza, msiharibu kitu. Pili, mtafuteni mwenyewe, mkamsikilize bila umati kuwapo. Tatu, waulizeni wanaojua, kama mtaalamu yule aliyehesabu kabla ya kusema. Na jina la mzee lisitajwe hadharani wakati bado hamjajua.

Kila mtu tunayekutana naye ni fimbo iliyochongwa na miaka. Chale zake hatukuzichonga sisi, na nyingi hatuzisomi. Anayezisoma zote ni Mungu. Tumwombe atupe ujasiri wa yule ndugu mdogo aliyesema: kwanza tuulize.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.