Ngozi Huchubuka Mgonjwa Akiwa Amesharudi Kwao

Msikilizaji, mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huisubiri kwa hamu siku ya kumaliza. Akimaliza anakata tiketi ya basi, anarudi zake Kigoma au Songea. Tatizo ni kwamba ngozi haifuati ratiba ya mashine. Huanza kukauka na kuwasha wiki ya pili au ya tatu ya tiba, na kwa wengi hali huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho. Hapo daktari wake yuko mbali, na aliye karibu ni mhudumu wa zahanati ambaye huenda hajawahi kukiona kidonda cha namna hiyo.

Mionzi huua seli za chini zinazozalisha ngozi mpya, kwa hiyo ya juu ikipukutika inakosa ya kuchukua nafasi yake. Vitabu vingi vinamwelekeza mhudumu atafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi kirahisi: ngozi huzidi weusi, hukakamaa, huuma ikiguswa. Mgonjwa akisema inawaka moto, aaminiwe.

Halafu kuna hili la kuoga. Wakati wa tiba mgonjwa huchorwa alama mwilini za kulengea mionzi na kuambiwa asizifute. Nyumbani inageuka kuwa kakatazwa kuoga, na kwapa linakaa wiki nzima bila kuguswa na maji. Jamani, aoge! Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kiganja badala ya dodoki, kisha ajikaushe kwa kugandamiza kanga laini, asisugue. Alama zikififia, wataalamu watazichora upya.

Mshubiri tunausifu sana, lakini wagonjwa walipojaribiwa nao haikuthibitika kwamba unazuia madhara haya. Kilichoonyesha kusaidia, hasa kwa wenye saratani ya matiti, ni krimu ya mometasone inayopakwa tangu mionzi inapoanza. Hiyo ni stiroidi, tena jamaa wa zile wanazojichubulia watu, basi iandikwe na daktari. Dawa ya meno isipakwe hapo; ibaki kwenye mswaki.

Ngozi ikishatoa majimaji, mara nyingi chini ya titi, kwapani au kwenye kinena, hufunikwa kwa bandeji isiyonata. Plasta ya kawaida ikibanduliwa inaondoka na ngozi.

Ndiyo maana nasema mgonjwa asipande basi bila bandeji za kumtosha wiki mbili, namba ya simu ya kliniki, na barua fupi kwa zahanati ya kwao: wapi amepigwa mionzi, pasafishwe vipi, na plasta isiguse hapo. Nusu ukurasa unatosha. Chini yake iandikwe kwa herufi kubwa kwamba akipata homa, au kidonda kikitoa usaha au harufu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.